Mwami Mwezi Gisabo na Miaka ya Sotoka

Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka katika Burundi, Serikali ilipiga marufuku kwa muda kuhamisha mifugo na kuichinja, na masoko ya mifugo yakafungwa. Amri ya namna hiyo haijitekelezi yenyewe. Huhitaji mtu wa kusimama njiani alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni, amwambie mzee mwenye ng'ombe wawili kwamba hapiti. Mtu huyo, mara nyingi, huwa ni askari. Na mzee huyo, awe anatoka Gasorwe au kilima chochote cha upande wa Muyinga, huwa na mgonjwa nyumbani au mtoto wa kulipiwa shule, na ng'ombe wale ndio akiba yake yote. Askari humtazama mzee, mzee humtazama askari, na kati yao hubaki swali ambalo halimo katika amri iliyobandikwa ukutani: ng'ombe huyu akifa, ni nani atakayetoa mwingine?

Swali hilo ni kongwe kuliko vituo vyetu vya polisi na kambi zetu zote. Lilipata kumkabili mtu mmoja kwa ukubwa wa kutisha, naye ni Mwami Mwezi, wa nne kwa jina hilo, aliyeitwa Gisabo. Jina lake askari wetu wanalijua kwa sababu ya vita vyake. Leo tumeona vema tuwasimulie maisha yake kwa upande ambao hausimuliwi sana, upande wa zizi na wa shamba.

Mwezi Gisabo alikuwa mwana wa Ntare Rugamba, mfalme aliyeipanua Burundi kuliko wote waliomtangulia. Wafalme wa nchi ile walirithi majina kwa zamu, Ntare, kisha Mwezi, kisha Mutaga, kisha Mwambutsa, halafu mzunguko ukaanza upya. Ntare alipofariki, yapata mwaka 1852, mrithi alikuwa bado mtoto. Nchi ikaangaliwa na kaka yake mkubwa, Ndivyariye, na kama ilivyo desturi ya wasimamizi wengi wa urithi, Ndivyariye hakuona haraka ya kuukabidhi. Kijana alipopata nguvu ilibidi wapigane. Ndivyariye alishindwa, lakini mfarakano ule haukuzikwa pamoja na waliouanzisha. Wazao wa Ntare, walioitwa Batare, na wazao wa Mwezi, walioitwa Bezi, waliendelea kutazamana kwa jicho la hasama kwa miaka mia moja na zaidi.

Jambo hili la ukoo lina uzito katika habari yetu. Ntare alikuwa amewagawia wanawe nchi za pembeni wazitawale, na kaskazini-mashariki, pande za Bweru ambako ndiko iliko Gasorwe, ilikuwa mikononi mwa Batare. Mwezi Gisabo alikaa Muramvya, Bukeye na vilima vya jirani, katikati ya nchi, ambako neno lake lilikuwa sheria. Kadiri mtu alivyotoka huko kuelekea Muyinga, ndivyo neno la mfalme lilivyopungua uzito, hata likawa heshima tupu. Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, iliheshimiwa kila mahali. Kodi na utii ni mambo mengine.

Kwa vita, Gisabo hakuwa mtu wa kuchezewa. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara ya watumwa kutoka Ujiji walikuwa wamekwisha kuweka mizizi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mkubwa wao alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Watu wa Rumaliza walikuwa na bunduki. Warundi walikuwa na mikuki, pinde na vilima. Hata hivyo nchi ya juu haikuingilika, na wale waliozoea kuteketeza vijiji vya Manyema walijifunza kukomea ufukweni. Askari wa leo akiyatazama magenge ya milima yanayopanda kutoka ziwani ataelewa nusu ya ushindi ule. Nusu ya pili ilikuwa mpango, kwani taarifa ya adui ilipita kilima hadi kilima upesi kuliko adui mwenyewe.

Lakini adui aliyekuja baada ya Rumaliza hakuwa na bunduki, wala hakuweza kuonwa na mlinzi wa kilima chochote.

Sotoka, ambayo Warundi waliiita muryamo, haikuwako kwanza katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Inaaminiwa na wataalamu wengi kwamba iliingilia pwani ya Eritrea, karibu na Massawa, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka India ili kulisha jeshi la Kiitalia. Yaani nyama ya askari ndiyo iliyobeba maangamizi ya bara zima. Tunalitaja jambo hili bila kumlaumu askari aliyekula, maana hakujua. Kutoka hapo iliiteketeza Uhabeshi, ikaingia kwa Wasomali na Wamasai, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imekwisha kuzifikia nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1896 ikavuka Zambezi. Mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa.

Ugonjwa huu ni wa virusi vya jamii moja na virusi vya surua. Ng'ombe alianza kwa homa, akatoka machozi na makamasi, mdomo ukafanya vidonda, kisha akaharisha mpaka akaishiwa maji mwilini. Baada ya siku sita hadi kumi na mbili alikuwa mzoga. Ulienea kwa pumzi na kwa kugusana, hivyo zizi moja likiupata, mazizi yote yanywayo maji penye kijito kimoja yalikuwa hatarini. Mfugaji aliyewakimbiza ng'ombe wake kuwaokoa, kwa kweli alikuwa akiupeleka ugonjwa kwa shemeji yake. Hapakuwa na chanjo, wala hapakuwa na mtu wa kusimama njiani.

Msomaji asiyetoka katika nchi ya wafugaji huenda akadhani kwamba aliyepotelewa na ng'ombe alipotelewa na maziwa na nyama tu. Sivyo. Katika vilima vya Burundi ardhi imechoka tangu zamani, na kinachoirudishia nguvu ni samadi. Mgomba ulio nyuma ya nyumba, maharage yaliyo kando yake, mtama ulio mteremkoni, vyote hula kutoka zizini. Ng'ombe akitoweka leo, shamba litaonyesha njaa misimu miwili mitatu baadaye, wakati watu wa mbali wamekwisha kusahau. Ndiyo maana msiba wa mfugaji na msiba wa mkulima huko ni msiba mmoja, na serikali inayouhesabu mmoja na kuuacha mwingine itakuwa imehesabu nusu. Tena ng'ombe alikuwa ndiye mahari, na ndiye kamba iliyomfunga maskini na tajiri katika mkataba wa ubugabire, ambapo mwenye kundi humkabidhi mwenziwe ng'ombe, naye huyo humlipa kwa utumishi, kwa pombe na kwa ndama. Ng'ombe walipokufa, na mikataba ilikufa.

Mabaya mengine yalikuja yakifuatana. Funza wa miguuni, mdudu aliyeshuka pwani ya Angola mwaka 1872 kutoka kwenye merikebu iliyotoka Brazil, alikuwa amesafiri na misafara hadi maziwa makuu, na watu wasiojua kumtoa kwa sindano walipoteza vidole na hata miguu. Mtu asiyeweza kusimama hawezi kulima. Ndui ilipita. Nzige walitua. Malale yakaanza kuua katika bonde la Imbo, kando ya ziwa. Na njaa, ambayo hungoja wengine wamalize, ikaja nyuma yao wote.

Basi mfalme alikuwa na nini mkononi? Tusimpime kwa mizani ya leo. Hakuwa na ghala la taifa wala daktari wa mifugo. Alikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni sherehe ya Muganuro, iliyofanywa kila mwaka, ambapo mfalme alionja mtama na kutoa ruhusa ya kupanda. Wazungu waliiona kuwa ushirikina mtupu. Sisi twaona ndani yake jambo ambalo mabwana shamba wa leo wangelipenda, nalo ni nchi nzima kupata neno moja juu ya wakati wa mbegu. Cha pili ni makundi ya kifalme, yaliyotawanywa kwa walinzi katika malisho mbalimbali, hata kama kundi moja likiangamia, jingine lililo mbali laweza kupona. Cha tatu ni ubugabire wenyewe. Mwenye ng'ombe watano waliosalia aliweza kukabidhi mitamba, na mitamba ikazaa, na ndama wakapelekwa kilima kingine. Ni njia ya polepole mno, lakini hatuijui njia nyingine iliyoyajaza tena mazizi yale.

Twastahili kusema pia kasoro zake. Ng'ombe wa ubugabire hakuwa zawadi. Baada ya sotoka, mwenye ng'ombe wachache alikuwa na nguvu juu ya majirani kuliko alivyokuwa na wengi, kwa kuwa waombaji waliongezeka na cha kuomba kilipungua. Msaada uliotoka mkononi mwa mkubwa uliongeza ukubwa wake. Tena ulifika mahali ulipofika utii tu. Kilima kisichomtii mfalme kilitegemea huruma ya ganwa wake, yaani mtawala wa ukoo wa kifalme aliyekikalia, na ganwa mwenye ugomvi na mfalme hakuwa na sababu ya kumwomba kitu.

Ushahidi wa hali hiyo tunaupata kwa mgeni. Mwezi Septemba 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alivuka kuingia Burundi kutoka mashariki, akapita nchi za kaskazini hadi karibu na Ziwa Cohoha. Miezi michache nyuma alikuwa Ngorongoro, ambako aliwaona Wamasai waliopotelewa na mifugo wakiwa mifupa mitupu, wakigombania ngozi na mabaki ya nyama. Katika Burundi alipokewa kwa namna ya ajabu. Umati ulimfuata kwa nyimbo na ngoma, wengi wakimwona kuwa ni Mwezi aliyerejea. Baumann aliondoka akiamini kwamba nchi haina mfalme tena. Na mfalme alikuwa hai, ana nguvu zake, safari ya siku chache tu kutoka hapo! Hatusemi kwamba watu wa kaskazini hawakujua kuwa Gisabo yuko. Lakini watu waliopotelewa na mifugo yao, wanapomkimbilia mgeni na kumwita mwokozi, wametuonyesha ni kwa kiasi gani walikuwa wamepata msaada wa karibu.

Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi Usumbura, ambako leo ni Bujumbura, mwishoni mwa miaka ya 1890, walimkuta mfalme mwenye umri mkubwa akitawala nchi iliyojeruhiwa. Alikataa kwenda kuwasujudia. Mbinu yake ilikuwa kukwepa. Alihama makao, akatuma wajumbe wenye maneno matamu, akawaacha wageni wachoke kupanda vilima. Ndani ya nchi pia alikuwa na maadui wawili. Mmoja alikuwa Kilima, aliyejinadi kuwa mjukuu wa Ntare, kaskazini-magharibi. Mwingine alikuwa Maconco, mkwewe mwenyewe. Hatusemi kwamba sotoka ndiyo iliyowazaa waasi hao, kwa kuwa uasi una baba wengi. Twasema tu kwamba mtu mwenye zizi tupu hana cha kupoteza akimfuata muasi, na mfalme asiye na ng'ombe wa kugawa amepungukiwa na silaha kuliko mfalme asiye na mishale.

Mwaka 1903 Kapteni Robert von Beringe aliamua kumaliza jambo kwa nguvu. Ni huyu huyu ambaye mwaka uliotangulia alimpiga risasi sokwe mkubwa kwenye mlima Sabinyo, na hata sasa sokwe wa milimani wanaitwa kwa jina lake na wataalamu. Aliwachukua Kilima na Maconco upande wake, akamwandama Gisabo kilima hadi kilima, akichoma na kuteka. Bunduki za Wajerumani zilifanya kazi ambayo bunduki za Rumaliza hazikuiweza, maana safari hii zilikuwa na waonyesha njia wenyeji. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, mfalme alikubali masharti. Alikiri mamlaka ya Mjerumani, akakubali Kilima na Maconco wajitegemee, akaahidi kutoisumbua misheni ya Mugera na kuacha misafara ipite. Juu ya hayo akatozwa faini ya ng'ombe 424.

Hapa twataka askari wetu watulie kidogo. Ng'ombe 424 si wengi kwa nchi iliyo na makundi. Lakini ile ilikuwa miaka kumi na michache tu tangu muryamo. Kila mtamba uliokuwako ulikuwa mbegu ya zizi la kesho, nao walioswagwa kwenda Usumbura waliswagwa na watu wenye sare. Mwananchi wa vilima vya kati, mara ya kwanza alipoiona serikali mpya kwa macho yake, aliiona ikiondoka na ng'ombe. Kumbukumbu ya namna hiyo haifi upesi. Afisa wa leo anayefika kilimani baada ya mafuriko au ukame, akiwa na daftari la kuhesabia mifugo, akakuta watu wameficha nusu ya mbuzi zao kichakani, asidhani kwamba ni ujinga. Wanahesabu kwa hesabu ya zamani.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakubwa wa Kijerumani wenyewe hawakupendezwa. Gavana von Götzen huko Dar es Salaam alikuwa ametaka mfalme atumiwe, asivunjwe, na von Beringe alikuwa amevuka maagizo. Ushindi wa kapteni ukawa aibu ya kapteni. Aliyemfuata, von Grawert, aligeuza mambo. Mwaka 1905 alimtambua Mwezi Gisabo kuwa mkuu wa nchi yote, na wale wawili waliosaidiwa jana wakageukiwa. Mzee akarudishiwa heshima, ila hakurudishiwa ng'ombe.

Miaka yake ya mwisho haikuwa na raha. Alitawala chini ya kivuli cha bendera ya kigeni, na nchi ikiendelea kuonja njaa na maradhi. Alifariki tarehe 21 Agosti 1908, baada ya zaidi ya nusu karne kitini. Aliyemrithi, Mutaga Mbikije, alikuwa kijana, na mambo ya nchi yakashikwa na Ntarugera, mwana mkubwa wa marehemu, pamoja na malkia Ririkumutima. Mutaga naye hakuishi. Mwaka 1915 ngoma zilimlilia, na mtoto mdogo, Mwambutsa, akawekwa mahali pake. Wabelgiji walipoingia baadaye walijaribu kuizuia njaa kwa amri, wakalazimisha watu kulima muhogo na kutumia mabonde ya maji. Mihogo ile iliokoa wengi na viboko vilivyoandamana nayo vilichukiwa na wote. Na bado mwaka 1943 na 1944 njaa kuu, iliyoitwa Manori, ikaua.

Sotoka yenyewe ilikomeshwa. Katika Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa huo haupo tena. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui. Nduguye, sotoka ya mbuzi na kondoo, angali hai, na aliingia Burundi mwishoni mwa mwaka 2017, akaua mbuzi wengi kabla ya chanjo kufika. Ukame nao ulipiga Kirundo na Muyinga mwanzoni mwa karne hii, hata watu wakavuka mipaka kutafuta chakula.

Katika hayo yote tumeona kwamba msaada unaofaa una tarehe. Gunia la mbegu za maharage linalofika kabla ya mvua za agatasi, mwezi wa tisa, ni msaada. Likifika mwezi wa kumi na mbili, ni chakula cha siku mbili. Chanjo ikitangulia ugonjwa kilima kimoja, inaokoa vilima vitano. Ikiufuata, inachoma sindano kwenye mizoga. Na marufuku ya kuhamisha mifugo, ambayo ni ya lazima, humdai mfugaji sadaka kwa ajili ya jirani yake asiyemjua. Anayedaiwa sadaka bila kuahidiwa fidia atapitisha ng'ombe usiku. Askari waliopata kuwakamata ng'ombe wa usiku wanalijua hili kuliko sisi tunaoandika.

Kuhusu kurudisha mifugo, Burundi imerejea kwenye jambo ambalo Gisabo angelitambua. Katika miradi inayosaidiwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, familia hupewa ng'ombe, na ndama anayezaliwa hupelekwa kwa familia nyingine, nayo ikapeleka kwa nyingine. Ni ubugabire ulioondolewa bwana. Mpewaji hamtumikii mtu. Deni lake ni ndama, na anayemdai ni jirani. Tatizo la njia hii ni lile lile la kale, kwamba ni ya polepole, na familia isiyo na majani ya kulishia humpokea ng'ombe kama mzigo.

Karibu na Gitega, juu ya kilima cha Gishora, pana uwanja wa ngoma ambao yasimuliwa kwamba Mwezi Gisabo aliuweka baada ya kumshinda mtawala mmoja muasi, Ntibirangwa. Wageni hupelekwa huko kutazama wapigaji wakiruka. Ngoma mbili za kale hutunzwa hapo, hazipigwi ovyo. Moja inaitwa Ruciteme, maana yake anayefyekewa pori. Ya pili Murimirwa, anayelimiwa.